Kwenda masaa kumi na moja, kurudi manne? Fumbo la tiketi ya Dubai–Guangzhou

Shangazi yangu anauza viatu vya watoto Kariakoo. Jioni moja alinitumia picha ya tiketi kwenye WhatsApp, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika mbili, wote malalamiko. Ndege inaondoka Dubai 10:40, inatua Guangzhou, China, 21:50. Kurudi, inaondoka Guangzhou 00:15 na kutua Dubai 04:55.

"Baba, hebu piga hesabu mwenyewe," alisema. "Kwenda masaa kumi na moja, kurudi manne na kitu. Njia si ile ile? Au kurudi wanakimbiza kwa kuwa hela zetu wameshachukua?"

Swali hili si lake tu. Nimewahi kuambiwa, kwa uhakika kabisa, kwamba dunia inazunguka kuelekea ndege inaporudi, hivyo Dubai inakuwa imeshasogea kuja kukupokea. Mwingine aliona kwenye kioo cha kiti cha mbele yake mstari wa safari umepinda kama upinde, akahitimisha kwamba rubani anazunguka makusudi. Na wapo waliotafuta umbali kwenye simu, wakapata namba tatu zisizofanana, wakaacha kuamini zote.

Jibu fupi nililompa shangazi ni hili: kwenda ni masaa saba na dakika kumi, kurudi ni masaa nane na dakika arobaini. Kwa hiyo kurudi ndiko kurefu, kinyume kabisa na alivyosoma. Hakuna aliyekosea kuandika tiketi. Kilichokosewa ni kuisoma, na ni kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza.

Kabla ya kwenda mbali, neno moja kuhusu neno moja. Walimu wa Kiswahili hawapendi tuseme "masaa". Nawaheshimu, lakini humu nitalitumia, kwa sababu "saa saba" ni adhuhuri iliyopita kidogo, na "masaa saba" ni muda mrefu wa kukaa kwenye kiti. Vitu hivyo viwili vikichanganywa ndipo fumbo lote la tiketi linapoanzia.

Namba tatu, umbali mmoja

Kutoka uwanja wa Dubai hadi uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni kama kilomita 5,830. Ukiona mahali pameandikwa 3,620, hizo ni maili za nchi kavu, zile za Waingereza na Wamarekani, ambazo moja ni mita 1,609. Ukiona 3,150 hivi, hizo ni maili za baharini, mita 1,852 kila moja, na ndizo marubani na manahodha wanazotumia. Umbali ni ule ule. Ni sawa na mchele wa kilo moja kuupima kwa vibaba.

Namba hiyo inapimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, na hapa ndipo penye ule upinde wa kwenye kioo. Chukua chungwa na uzi. Weka ncha moja ya uzi upande huu wa chungwa na ncha nyingine upande ule, kisha uvute ukaze. Uzi utatafuta wenyewe njia fupi. Sasa menya chungwa ulibandike ganda lake mezani liwe bapa. Halikubali mpaka ulichane au ulinyooshe, na alama ya ule uzi haitakuwa tena mstari ulionyooka. Ramani ya ukutani ni ganda la chungwa lililolazimishwa kulala. Ile iliyozoeleka mashuleni inafuata mtindo alioutoa Gerardus Mercator mwaka 1569, nao ulitengenezwa kwa ajili ya mabaharia waliotaka kushika uelekeo mmoja wa dira, si kwa ajili ya kuonyesha njia fupi.

Lakini tusikuze mambo. Kwa Dubai na Guangzhou kupinda huko ni kidogo. Miji yote miwili iko karibu na nyuzi 24 kaskazini ya ikweta, na ukishika uelekeo mmoja wa dira kutoka mmoja hadi mwingine utaongeza kilomita 45 tu hivi. Ukienda kaskazini zaidi ndipo upinde unapokuwa na maana. Istanbul na Beijing ziko karibu na nyuzi 40, na hapo njia fupi hupanda hadi nyuzi 50 hivi kisha ikashuka, ikiokoa zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo upinde unaouona kwenye kioo ndio njia ya mkato. Anayezunguka ni yule ambaye angefuata mstari wa rula.

Meli, kwa kulinganisha, haina mkato wowote. Kontena linalotoka Guangzhou kwenda Dubai linashuka Bahari ya Kusini mwa China, linapita mlango wa Malaka, linazunguka chini ya Sri Lanka, na hadi lifike limeshatembea zaidi ya kilomita 9,000.

Saa ya ukutani

Dunia ni duara la nyuzi 360, nayo hujizungusha mara moja kwa masaa 24. Gawanya: nyuzi 15 kwa saa moja. Dubai iko longitudo ya 55 mashariki, Guangzhou ya 113. Tofauti ni nyuzi 58, yaani karibu masaa manne. Jua linalochomoza Guangzhou lina safari ya masaa manne kabla halijachomoza Dubai, na saa za ukutani zimefuata jua. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko nyuma ya Dubai kwa saa moja, na nyuma ya Guangzhou kwa matano.

Ingekuwa rahisi kama kila nchi ingefuata hesabu hiyo, lakini saa ni siasa pia. Ndege hiyo ya shangazi inapita juu ya India, ambayo imeamua kuwa na nusu saa kwenye hesabu zake: Delhi iko mbele ya Dubai kwa saa moja na nusu. Nepal, jirani yake, imejitofautisha na India kwa dakika kumi na tano. China nayo, pamoja na upana wake, tangu 1949 inatumia saa moja nchi nzima, ile ya Beijing. Ndiyo maana huko Urumqi, magharibi ya mbali, wakazi wengi wana saa yao ya mtaani iliyo nyuma kwa masaa mawili, na mtu akikupa miadi inabidi umuulize ni saa ipi anayoisema.

Tiketi inaandika saa ya kuondoka kwa ukuta wa Dubai, na saa ya kutua kwa ukuta wa Guangzhou. Kutoa moja kwa nyingine ni kama kutoa shilingi kwenye dola. Lazima kwanza uzigeuze ziwe sarafu moja.

Shangazi nilimwambia ageuze kila kitu kiwe saa ya Dar, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu yake. Dubai 10:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi ya kwetu. Guangzhou 21:50 ni saa kumi na dakika hamsini jioni ya kwetu. Kati yake: masaa saba na dakika kumi. Kurudi, Guangzhou 00:15 ni saa moja na robo usiku ya kwetu, na Dubai 04:55 ni saa kumi kasoro dakika tano, usiku ule ule. Masaa manane na dakika arobaini.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko la kwanza: "Sasa hiyo saa moja na nusu iliyozidi wakati wa kurudi inatoka wapi?"

Upepo wa tezi, upepo wa omo

Mtu yeyote wa pwani ana jibu la swali hili kwenye damu. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Hakuna nahodha aliyesema Muscat iko karibu mwezi wa tano na mbali mwezi wa kwanza. Umbali haukubadilika, ulibadilika upepo. Mabaharia wana maneno yake: upepo wa tezi ni unaokusukuma kwa nyuma, upepo wa omo ni unaokupiga usoni.

Juu angani, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12 ambako ndege kubwa hupita, kuna mikondo ya upepo mfano wa mito, inayotoka magharibi kwenda mashariki. Mmoja wa mikondo hiyo, msimu wa baridi wa kaskazini, unapita juu ya kaskazini mwa India na kusini mwa China, karibu kabisa na njia ya Dubai–Guangzhou. Kasi yake inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ukiwa ndani yake huusikii, kama vile mtu aliye kwenye ngalawa asivyousikia mkondo wa maji unaomchukua. Ardhi ya chini tu ndiyo inayojua.

Mtu aliyeupima mapema mkondo huu alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, aliyekuwa akirusha maputo ya hali ya hewa miaka ya 1920. Taarifa yake aliichapisha mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya dunia nzima, na dunia nzima haikuisoma. Wamarekani walikuja kuujua kwa taabu mwaka 1944, ndege zao za mabomu zilipofika juu ya Japani zikakuta upepo unaozitupa huku na huko. Kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili, kisa hiki kina ladha yake.

Turudi kwenye hesabu. Ndege ya abiria inaenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Tuseme kwa wastani wa njia nzima upepo ni kilomita 80 kwa saa. Ukienda Guangzhou unakusukuma: 900 kuongeza 80 ni 980, na kilomita 5,830 zinakwisha kwa masaa sita hivi. Ukirudi unakupinga: 900 kutoa 80 ni 820, na umbali ule ule unachukua masaa saba na dakika saba. Saa moja na dakika kumi imeondoka na upepo peke yake. Dakika zilizobaki zinaliwa na njia na viwanja, nitakuja huko.

Tofauti hii si ile ile mwaka mzima. Kiangazi cha kaskazini kinapoingia, kuanzia mwezi wa sita, mkondo huo unahama na kwenda kupita kaskazini ya Tibet, na kwenda na kurudi kunakaribiana. Mashirika yanajua, na ratiba zao hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo tiketi ya shangazi ya maonyesho ya biashara ya Guangzhou ya Aprili inaweza isilingane na ya yale ya Oktoba, na si kwamba kuna anayemchezea.

Hapa ndipo pa kuizika ile hadithi ya dunia inayozunguka. Ni kweli dunia inazunguka, na kwa kasi: kwenye ikweta ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Lakini hewa inazunguka nayo, na ndege imo ndani ya hewa. Ukiwa kwenye basi la Morogoro linalokwenda kilomita 80 kwa saa, rusha chungwa juu kidogo. Kwa sekunde moja litakayokaa hewani, basi limeshasogea mita 22. Chungwa halikupigi kioo cha nyuma. Linarudi kiganjani mwako, kwa sababu lilikuwa linasafiri na basi tangu mwanzo. Kama dunia ingekuwa inatuacha nyuma namna hiyo, helikopta ikining'inia saa moja juu ya Ubungo ingeshuka karibu na Mbuji-Mayi, Kongo, bila kutumia nauli.

Angani nako kuna barabara

Mstari mfupi kutoka Dubai hadi Guangzhou unapita Ghuba ya Oman, unaingia kusini mashariki mwa Irani, kisha Pakistani, unakata India kwa upana, katikati yake unagusa mpaka wa Bihar na Nepal chini ya Himalaya, kisha Assam, kaskazini mwa Myanmar, Yunnan, hadi Guangdong. Huo ni wa kwenye chungwa. Ndege zenyewe hufuata njia zilizopangwa, kama daladala: kuna vituo visivyoonekana vyenye majina, kuna nchi zinazotoza ada kwa kupita juu yake, na kuna mahali ambapo rubani hapendi kwenda.

Tibet ni mojawapo. Sehemu kubwa ya uwanda ule iko juu zaidi ya mita 4,000. Ndege ikipoteza hewa ya ndani, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi kama mita 3,000 ambako watu wanaweza kupumua bila vifaa. Ukishuka hadi mita 3,000 juu ya Tibet, umeshagonga mlima. Kwa hiyo ndege nyingi hupita pembeni, na kilomita zinaongezeka.

Halafu kuna ugomvi wa wenye nchi. Februari 2019 India na Pakistani zilishambuliana, Pakistani ikafunga anga yake, na haikufunguliwa kikamilifu hadi Julai. Ndege kati ya Ghuba na Mashariki ya Mbali zililazimika kushukia kusini, juu ya Bahari ya Arabuni, ndipo ziingie India. Mei 2025 mambo yakajirudia kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo umbali wa Dubai na Guangzhou kwenye simu yako unabaki 5,830, na ndege inatembea zaidi.

Jambo la mwisho katika hesabu ni muda unaotumika chini. Tiketi haihesabu tangu magurudumu yaachane na ardhi. Inahesabu tangu ndege ianze kusogea kwenye maegesho hadi isimame maegesho ya pili. Katikati yake kuna foleni ya kuruka, na kutambaa kwenda maegeshoni ambako kwenye viwanja vikubwa kunaweza kula dakika ishirini. Mashirika pia huongeza akiba, ili yakichelewa kidogo yahesabike yamewahi. Ndiyo maana mara nyingine mnaondoka mmechelewa nusu saa na kufika kwa wakati, watu wanampigia makofi rubani wakidhani amekanyaga mafuta. Ndege hizi tayari huenda karibu na kasi yake ya juu. Anachoweza kuongeza rubani ni dakika chache tu. Aliyewaokoa ni mtu wa ratiba aliyeweka akiba miezi kadhaa nyuma.

Na kwa anayetokea Dar, hesabu kubwa wala si ya kilomita. Dar hadi Guangzhou moja kwa moja ni kama kilomita 8,700. Kupitia Dubai ni 9,800. Hizo 1,100 za ziada ni kama saa moja na robo ya kuruka. Kinachoua siku ni kukaa Dubai kusubiri.

Ile 00:15

Nilidhani nimemaliza, lakini shangazi alikuwa na jambo ambalo mwanzoni hakulisema. Safari yake iliyopita ilikwama. Tiketi ya kurudi ilisomeka Jumatano, 00:15. Yeye alilala vizuri Jumanne usiku, Jumatano akazunguka Sanyuanli akimalizia kununua, akala, akafika uwanjani saa tatu usiku na mabegi yake. Ndege ilikuwa imeondoka karibu masaa ishirini na moja kabla. Alilipa upya.

Saa 00:15 ya Jumatano ni robo saa baada ya Jumatano kuzaliwa. Uwanjani unatakiwa ufike Jumanne usiku. Magazeti yetu husema "usiku wa kuamkia Jumatano", na msemo huo haukosei hata siku moja. Kinachochanganya ni tarehe ya kizungu inayogeuka saa sita usiku, wakati umelala au uko kwenye foleni ya mizigo.

Nilipomweleza akacheka, akasema marehemu bibi asingeikosa ndege ile. Bibi alikuwa mtu wa pwani wa zamani, na kwake siku ilianza jua linapozama. Jumanne magharibi ikishaadhiniwa, yeye anasema "leo usiku wa Jumatano". Tiketi ingesema Jumatano usiku, naye angekuwa ameshafunga khanga, anauliza gari liko wapi.

"Basi hii ya safari hii," akaniambia shangazi, "imeandikwa Ijumaa. Mimi natoka hotelini Alhamisi saa mbili usiku. Sawa?"

Nikamwambia saa moja, kwa sababu Baiyun iko mbali na mjini, na yeye na mabegi yake namjua.